Isale la Aurangabad

Seven Hills, Sydney
3 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa baridi. Mjukuu wako Hope anakusalimu. Kiswahili anakielewa chote, kukijibu ndiyo shughuli. Nikimwambia amwandikie babu yake anajifungia chumbani. Vipi miguu? Vile vidonge nilivyotuma ni vya moyo wako wewe, si vya kugawia majirani. Nakufahamu, baba.

Kazi inaendelea. Bado niko kwenye nyumba ya wazee, na siku hizi nimepewa upande wa waliopoteza kumbukumbu. Kuna bibi mmoja ananiita kwa jina la binti yake aliyekufa. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, analia. Sasa naitika tu, anakula uji wake, siku inapita.

Nina habari ya Zakayo, na naomba uisome ukiwa umekaa. Ghala la Ingleburn limempa likizo ya miezi mitano, na juzi amepanda ndege kwenda India, kwenye mji wa Aurangabad. Ni mji ule ule aliosomea mama mwaka themanini na nne, alipopelekwa na wizara kujifunza kufundisha ufumaji. Yale mapango aliyokuwa akitusimulia tukichambua kahawa, na lile jumba jeupe la kwenye picha yake ya ukutani, Zakayo anataka kuviona kwa macho yake.

Najua utauliza kwa nini si Machame. Baba, wewe ndiye uliyesema siku tunamzika mama, mbele ya watu wote, kwamba Zakayo asikanyage kihamba chako, shamba la ukoo, wala kaburi la mama yake mpaka alete isale. Miaka sita imepita. Yeye hajaleta, na wewe hujafungua njia. Ndiyo maana amekwenda kumtafuta mama pale alipokuwa msichana, kwa kuwa pale alipolala hawezi kufika. Nimemwomba anitumie barua za mkono nikupelekee. Usizikatae.

Binti yako,
Elieshi


Machame
27 Agosti 2024

Mwanangu Elieshi,

Barua yako imefika kwa sanduku la usharika ikiwa imelowa pembeni, lakini inasomeka. Masikio sasa yameziba kabisa. Mchungaji akihubiri naona midomo tu, na kusema kweli sijakosa mengi. Simu uliyoniletea iko kabatini. Wewe andika.

Ulisema nisome nikiwa nimekaa. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Kumbe ghala linaweza kutoa ruhusa. Miezi mitano ya kwenda kutazama mapango linatoa, na mwaka ule lilishindwa kutoa wiki moja. Mama yako alimuulizia mara tatu siku ile ya mwisho. Wewe ulikuwa umeshika bakuli la maji, ukamjibu, "Yuko kazini, mama, hawajampa ruhusa." Nilisikia mwenyewe, masikio yalipokuwa bado yanafanya kazi. Jerusha mke wangu akageukia ukutani. Sijausahau mgongo wake ule.

Umezaliwa hapa, huhitaji kufundishwa, lakini mimi ni mwalimu na ugonjwa huo hauponi hata ukistaafu. Isale ni jani tu. Linapandwa mpakani, hata mbuzi hana habari nalo. Ila mtu aliyekosa akilipiga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama baina yao kuna damu. Wachaga tuliishi hivyo kabla ya kanisa, na mimi mzee wa kanisa sijaona mahali Biblia inapolikemea. Watu wananiambia mtoto akikunyea kiganjani huukati mkono. Sawa, haukatwi. Lakini unaoshwa, na maji yake ndiyo isale.

Sikumwambia alete blanketi wala televisheni. Nilimtaka jani moja.

Hizo barua zake tuma. Sijasema nitazisoma.

Baba yako,
Tumsifu E. Swai


Aurangabad
14 Septemba 2024

Dada,

Ulitaka barua ya mkono, hii hapa. Bi Sunanda mwenye lodge ataipiga picha na kukutumia kwa simu, wewe utaichapa huko. Ukurasa wa kwanza mpelekee mzee ukitaka. Wa pili ni wako peke yako.

Mji huu umebadilishwa jina. Kwenye tiketi wameandika jina jipya, refu, lakini muuza chai na dereva wote wanasema Aurangabad, kwa hiyo na mimi nasema hivyo. Jumanne nilikwenda Ellora, kilomita thelathini, nikakuta geti limefungwa. Kumbe Jumanne mapango yanapumzika. Mlinzi akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Sydney, akacheka mpaka akaona haya, akanipa pera. Nikarudi kesho yake. Dada, mama hakutia chumvi. Lile hekalu halikujengwa, lilichongwa. Walianza kileleni mwa jabali wakashuka nalo, paa kwanza, nguzo baadaye, sakafu mwisho, na waliolianza hawakuishi kuliona likiisha. Fundi akikata vibaya, jiwe halirudi. Unakumbuka tulipokuwa tukiharibu kushona, mama alivyosema? Mshono unafumuliwa, mshukuruni Mungu hamchongi mawe. Nilidhani ni maneno ya kutunga.

Jumba jeupe nimeliona jana. Siku zote nilidhani ni mfalme aliyemjengea mkewe. Hilo ni lile jingine, la Agra. Hili la hapa mtoto alimjengea mama yake. Marumaru yameishia kiunoni, juu yake ni lipu tu, na wenyeji hawaoni aibu kukuambia hivyo. Kaburi lenyewe liko chini. Unasimama kwenye uzio wa mawe yaliyotobolewa kama lesi, unachungulia, unaona kitambaa na maua yaliyonyauka. Nilitafuta pale mama aliposimama kupigwa picha, kwenye ngazi upande wa bustani, nikasimama hapo hapo. Halafu nikaingia ndani nikachungulia chini, nikalia. Sikulia kiume. Mlinzi alinishika bega akanipeleka kwenye benchi, akakaa na mimi bila kuniuliza kitu.

Picha hii alinipiga Bi Sunanda mlangoni pa lodge, asubuhi hiyo natoka. Shati ni lile ulilonipa.

(Ukurasa wa pili)

Sasa yetu wawili. Wewe mwenyewe uliniambia ulimweleza mzee kila kitu mwaka ule: viza ilivyokwisha, nilivyochukuliwa pale ghalani mbele ya wenzangu, nilivyowekwa kizuizini na uhamiaji siku mia na thelathini na moja. Mama alikufa siku ya sitini na nane. Habari nilipewa na askari kwenye korido, amebeba sahani za chakula. Mzee anayajua hayo yote, na bado alisimama kaburini akanidai isale. Nimemkosea nini? Mtu anaombaje radhi kwa kufungiwa mlango? Kesi ilivyokuwa inakwenda nisingeweza kutoka Australia nikarudi. Sasa karatasi nimepata, natoka na kuingia kama mtu, na mguu wa kwenda Machame haunyanyuki. Ningerudi leo, Dada. Ningerudi kwa kutambaa. Lakini si kwa kukiri kosa ambalo sikulifanya.

Mdogo wako,
Zakayo


Seven Hills, Sydney
21 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha utakuta ukurasa wa barua ya Zakayo na picha yake moja. Nimeichapa kubwa, kwenye karatasi nzuri, dukani Bankstown, ili macho yako yasipate shida. Anuani ya lodge nimeiandika nyuma. Barua yake ilikuwa ndefu kidogo, lakini mengine yalikuwa mambo ya kazi na nauli, hayana maana.

Amekonda, utaona. Angalia anavyosimama, ni wewe mtupu.

Meza vidonge.

Elieshi


Machame
15 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Zakayo,

Ni mara ya kwanza kukuandikia tangu mwaka 2018.

Dada yako alinitumia picha. Niliiweka siku mbili bila kuitazama. Siku ya tatu nikachukua miwani na kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nikifundishia sayansi. Nikaona shati. Nikaona umekonda. Nikaona mlango wa bluu na chungu kikubwa cha udongo. Halafu nikaona ulichoshika. Nikaita jina la mama yako kwa sauti, nikiwa peke yangu ndani.

Mkono wako wa kushoto umeshika isale, Zakayo, na isale lina fundo.

Nikawaita wazee wa ukoo. Kulikuwa na ubishi. Mmoja akasema isale la picha si isale, sharti lije lenyewe, kwa mikono ya mtu mzima. Nikamwambia, huyu mtoto yuko India, anaishi nchi ambayo dada yake alinyang'anywa mbegu za maharage uwanja wa ndege. Angelipitisha wapi? Ametumia njia aliyokuwa nayo. Mimi ndiye niliyekosewa, na mimi nasema limefika. Tukachinja mbuzi. Nimelipokea isale lako mbele ya watu, kama nilivyokufungia njia mbele ya watu.

Sasa nami niseme langu. Nimekusamehe kwamba siku mama yako anakata roho ulichagua ghala. Ulikuwa kijana, nchi ya watu, uliogopa kupoteza kazi. Labda ningekuwa wewe ningeogopa vile vile. Lakini ulipaswa kuniandikia walau mstari mmoja. Nilingoja mstari huo, mwanangu. Nilikuwa nikienda kwenye sanduku la usharika kila Ijumaa, mpaka yule mama wa ofisini akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika mlangoni.

Njia ya kaburini nimeipalilia mwenyewe. Siku mbili, kwa kipande ambacho zamani ningekimaliza kabla ya chai. Miguu imejaa maji, na daktari ananitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. Njoo.

Baba yako


Aurangabad
5 Novemba 2024

Elieshi,

Mzee ameniandikia. Barua imekuja hapa lodge, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Anasema amenisamehe kwa kuchagua ghala.

Ghala gani?

Nimesoma mara sita. Anasema aliningojea niandike mstari mmoja. Anasema niliogopa kupoteza kazi. Hakuna mahali anapotaja uhamiaji, wala kufungwa, wala askari. Mtu anayejua mwanawe alikuwa amefungiwa haandiki hivi. Mzee hajui. Miaka sita nimemchukia baba yangu kwa ukatili ambao hakuwa nao.

Na hilo isale. Nilikwenda mlangoni kuangalia. Ni ua la Bi Sunanda la kwenye chungu. Anayefagia hapa huyapiga mafundo majani marefu ili yasiwapige wageni usoni. Wakati napigwa picha jani lilikuwa linanijia machoni, nikalishika pembeni. Sikulitambua hata kidogo. Nimeyapita mangapi hapo Sydney, kwenye mapokezi ya benki, wameyawekea mawe meupe kama mapambo? Baba yangu amechinja mbuzi kwa sababu ya mfagiaji wa Aurangabad.

Nimeona umenipigia mara kumi na mbili. Sipokei. Kwenye simu wewe hushinda siku zote, unalia na mimi nasahau nilichotaka kuuliza. Nijibu kwa mkono. Ulimwambia nini?

Zakayo


Seven Hills, Sydney
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Zaka,

Nilimwambia mama uko kazini. Mama, si baba. Baba alikuwa amekaa mlangoni, akasikia.

Nilikuwa nimefika Machame siku mbili kabla. Mama alikuwa amebaki macho tu. Aliniuliza, "Zakayo yuko wapi?" Ningemjibuje, Zaka? Kule kwetu mtu akisema mwanao amefungwa ni mwizi, hakuna tafsiri nyingine. Mama alikuwa kiongozi wa wanawake wa usharika, kila mwenye mgonjwa alimwombea. Sikutaka afe akidhani amezaa mwizi. Nikaona kazi ni neno jepesi. Nilidhani atasema, masikini, wanamtumikisha mwanangu. Badala yake aligeukia ukutani.

Nilipanga kumwambia baba baada ya mazishi. Wallahi nilipanga, ingawa sisi si watu wa kuapa. Lakini pale kaburini akasimama kabla ya udongo kwisha kujazwa, akatamka lile la isale mbele ya watu mia tatu. Ningesimama pale niseme baba, mama amekufa na uongo wangu? Nikasema kesho. Kesho nikaona uso wake tu, nikashindwa. Nikarudi Sydney. Wewe ukatoka kizuizini ukaniuliza, "Mzee anajua?" Nikasema anajua ila amekasirika. Nilitaka uache kuuliza. Ukaacha.

Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Mwenzangu wa kazini, Armelle, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, ndiye mtu pekee niliyemweleza. Aliniambia, "Dada, uongo wa kumtuliza mgonjwa si dhambi kubwa. Wewe umeendelea nao mgonjwa akiwa amekwisha kuzikwa."

Zaka, nakuomba kitu, na najua sina haki. Liache isale lisimame. Baba ni mgonjwa, moyo wake hautafika mbali. Amefurahi. Amechinja. Nenda Machame umkumbatie, muende kaburini pamoja, na hili jingine tulibebe mimi na wewe. Atakufa kwa amani. Kwani nani ataumia?

Dada yako,
Elieshi


Aurangabad
13 Novemba 2024

Dada,

Umeuliza nani ataumia. Mimi. Unataka nisimame kwenye kaburi la mama kama mtu aliyemwacha, nipewe msamaha wa hilo, niseme asante. Unataka baba afe akiamini mwanawe ni wa namna hiyo. Hiyo unaiita amani.

Unatufanyia baba na mimi kama unavyomfanyia yule bibi wa kazini kwako anayekuita kwa jina la marehemu. Sisi hatujapoteza kumbukumbu.

Nimekata tiketi ya Mumbai hadi Dar. Nitafika Machame tarehe 25. La isale nitamwambia mwenyewe siku ya kwanza, kwa sababu ni langu. La ghala si langu. Sitamfungulia mdomo juu yake. Utamwandikia wewe, kwa mkono wako, na uweke sahihi. Ukinituma mimi niseme, nitakaa kimya, na kimya hicho kitakuwa chako.

Zakayo


Seven Hills, Sydney
16 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Zakayo hakuchagua ghala. Mwezi Aprili mwaka 2018 alikamatwa na uhamiaji kwa sababu viza yake ilikwisha. Hakuiba, hakupiga mtu. Alifungiwa mpaka Agosti. Mama alipomuulizia alikuwa ndani, na hata kifo chake aliambiwa na askari. Aliniomba nikueleze. Nilimwambia nimekueleza. Sikukueleza.

Nilimdanganya mama kwa kumhurumia. Wewe nilikudanganya kwa woga. Kumlinda Zakayo haikuwa sababu, ingawa kwa miaka yote nimejiambia hivyo. Niliogopa uniangalie kama ulivyoangalia upande wa Sydney siku ile ya mazishi. Ulimdai isale mtu ambaye hakukukosea, na mimi niliyekosa nilikuwa nimesimama nyuma yako nimekushikia mwavuli.

Naomba radhi, baba. Nijibu, hata kama ni kunifukuza. Nitangoja.

Elieshi


Machame
13 Desemba 2024

Dada,

Jana kwenye simu uliuliza jambo moja nikakata. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaochagua jeneza. Leo najibu. Mwinjilisti atapiga picha barua hii, itakufikia kabla hujaondoka, au kabla hujaamua kutoondoka.

Nianze mwanzo, unastahili kujua. Nilifika Jumatatu. Mzee alikuwa amekaa nje na koti la kanisani, tangu asubuhi, wanasema. Amekuwa mdogo, Dada, niliweza kumbeba. Tulikuwa tukizungumza kwa daftari: mimi naandika, yeye ananijibu kwa sauti, na kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe, majirani wote walikuwa wanajua tunaongea nini. Nikamwandikia kuhusu lile ua. Alisoma, nikaogopa. Halafu akasema, "Basi Mungu ametumia mfagiaji." Akacheka mpaka akakohoa. Tukaenda kaburini taratibu, tunapumzika kila baada ya migomba mitatu. Alinishikilia mkono nikiwa nimepiga magoti. Aliniuliza habari za Aurangabad. Nikamwandikia ukurasa mzima kuhusu hekalu lililochongwa kutoka juu, na ngazi aliposimama mama. Ukurasa huo alinifanya nimsomee mama, kwa sauti, ingawa yeye mwenyewe hakusikia.

Siku kumi tulikaa hivyo. Sikutaja ghala, kama nilivyokuahidi. Alikuwa akinitazama kwa upole wa mtu aliyesamehe, na upole ule ulinikwaruza.

Barua yako ilifika Alhamisi ya tarehe tano. Aliisoma mezani. Akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara ya tatu. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Akaniuliza, "Ulifungiwa siku ngapi?" Nikaandika: 131. Akaniuliza, "Walikuwa wanakupa nini kula?" Nikaandika wali, kuku, mkate. Akaniuliza kama ulikuwa wa moto. Nikaandika wakati mwingine. Hapo ndipo alipolia. Akaniomba radhi, baba yetu, mzee wa miaka sabini na tisa, akataka kushuka kwenye kiti apige magoti, nikamzuia kwa nguvu.

Jumapili alinitaka nimpeleke kanisani. Baada ya matangazo alisimama akashika kiti cha mbele yake. Akasema, "Miaka sita iliyopita nilimfungia mwanangu njia. Mwanangu alikuwa kifungoni bila kosa la wizi wala la kupiga mtu. Mimi ndiye niliyekosa." Alipiga kelele kama kiziwi, watoto wakashtuka. Kisha akakaa. Jumanne asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta ameondoka.

Sasa swali lako. Umeuliza kama alikutaja.

Hakukutaja, Dada. Tangu Alhamisi hadi Jumanne hakusema jina lako. Kanisani hakusema ni nani aliyemdanganya, na watu hawajui. Nilimwandikia mara mbili kwenye daftari: Elieshi je? Mara ya kwanza aligeuza ukurasa. Mara ya pili alifunga daftari. Nimetafuta kwenye vitabu vyake vyote, kwenye koti, kwenye Biblia, nikitumaini kama wewe unavyotumaini. Hakuna. Barua yako tuliikuta chini ya mto wake. Usiisome hiyo kama yeye alivyosoma picha yangu. Chini ya mto aliweka kila kitu, tochi, miwani, vidonge ambavyo hakumeza.

Ningeweza kuandika kwamba alisema nikusalimie. Usingejua kamwe, ungelala vizuri, na mimi ningeonekana mtu mwema. Nilikaa na kalamu nikaifikiria. Labda kama angepata wiki moja zaidi angekuandikia. Labda asingekuandikia. Sijui, na sitajifanya najua.

Nimekukasirikia na bado nimekasirika. Ukifika usitegemee nikukimbilie getini. Lakini wazee walitaka kuzika kesho, mimi nimekataa. Nimewaambia mtoto wake wa kwanza hajafika. Tumesogeza hadi Jumatano tarehe kumi na nane, na kama ndege zimejaa tutasogeza tena.

Umesema kwenye simu huna uso wa kusimama pale. Simama bila uso. Mimi nilikosa kaburi moja, Dada, na najua mtu anavyokaa baada ya hapo. Panda ndege.

Mdogo wako,
Zakayo